Kushika karatasi ya parseli si kushika nyumba

Katika makartie ya Lubumbashi, Likasi ao Bukavu, mutu akikosa pesa ya hospitali, ya masomo ao ya biashara, parseli njo rehani ya kwanza. Wengine wanaenda banki. Wengine wanaenda kwa wale tunaita « banque Lambert »: pesa inatoka mbio, faida iko kali, na karatasi ya parseli inabaki kwa mukopeshaji. Siku ya kulipa ikipita, anafika na kusema nyumba sasa ni yake. Kuko familia zinafunga mizigo na kutoka. Zinatoka bure.

Congo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Sheria yake juu ya kukamata mali ya mwenye deni ilirekebishwa 2023, na toka Februari 2024 njo inafuatwa. Kufuatana nayo, mukopeshaji hawezi kuuzisha nyumba ya mudeni wake kama hakupita njia ya tribinali. Kushika « certificat d'enregistrement » ya mwenzako ndani ya sanduku hakukupi nyumba. Rehani ya kweli inaandikwa kwa conservateur des titres immobiliers. Enda kule, uliza kama kuko kitu kimeandikwa juu ya parseli yako.

Karatasi ya kuogopa ni ingine: kontra ya kuuzisha. Kuko wakopeshaji wanaosema, « Weka siniatiri hapa, ni juu ya usalama tu. » Kesho kwa tribinali watasema walinunua. Usiweke siniatiri. Kama umekwisha kuweka, tafuta avoka haraka, na chunga kila kitu kinachoonyesha kwamba ilikuwa mukopo: mesaji za simu, resi za malipo, majina ya mashahidi. Na kama nyumba ni ya bwana na bibi pamoja, Code de la famille inaomba wote wawili wakubali mbele ya kuiweka rehani.

Kwa wale wenye deni ya banki, mambo yanaanza siku huissier analeta karatasi inayoitwa « commandement ». Wengi wanajificha, watoto wanasema baba hayupo. Hiyo haisimamishe kitu. Pokea, andika tarehe, soma vizuri: ndani kunaandikwa siku ngapi uko nazo za kulipa mbele nyumba ikamatwe. Kisha masharti ya kuuzisha yanawekwa kwa tribinali, na unaitwa kuyasoma na kusema neno lako. Pale njo unasema kama hesabu si ya kweli, ao kama hatua moja ya sheria iliruka. Ukinyamaza mpaka siku zipite, hata haki yako inaweza kupotea.

Kama deni ni ya kweli, bado kuko njia. Kwa madeni mengi, kifungu 39 kinaruhusu tribinali kusogeza malipo ao kuyagawanya kidogo kidogo, bila kupita mwaka moja. Mwenye kupangisha, kama kodi ya miaka mbili inatosha kumaliza deni yote, anaweza kuitoa kwa mukopeshaji na kuomba kuuzisha kusimame. Na mbele ya mnada, zungumuza na banki uuzishe wewe mwenyewe: mara nyingi bei ya sokoni inapita ya mnada. Hata nyumba ikienda kwa mnada, pesa inayobaki kisha wakopeshaji kulipwa ni yako. Idai.

Kukosa pesa ya avoka si sababu ya kukaa nyumbani. Kwa barreau kuko biro ya kutoa mashauri bila malipo. Beba kontra ya mukopo, resi zote, karatasi za parseli na ile ya huissier. Enda wiki hii, si kesho yake ya mnada.