Kabla Hujapanda Farasi: Yampasayo Mlaji Kukagua

Huduma ya kupanda farasi huuzwa kwa saa, na pengine kwa dakika. Mzazi anayemlipia mtoto mzunguko mmoja ufukweni, mgeni anayekodi farasi kwa matembezi ya asubuhi, na mwanafunzi anayelipa ada ya mwezi katika kituo cha mafunzo, wote ni walaji, na wote wana haki ya kujua wanachokinunua. Huduma hii inatofautiana na nyingine kwa jambo moja kubwa: chombo kinachokodishwa ni kiumbe hai. Gari lenye breki mbovu halisikii maumivu. Farasi aliyevalishwa kifaa cha kuumiza huyasikia, na akizidiwa hujitetea kwa njia alizopewa na maumbile, yaani kuruka, kurusha mateke, kusimama kwa miguu ya nyuma au kutimua mbio asishikike. Anayeanguka hapo ni yule aliyelipa.

Afrika Mashariki haina farasi wengi. Malale yaenezwayo na mbung'o, pamoja na maradhi ya farasi yaenezwayo na visubi, yamewazuia kuenea tangu zamani. Waliopo huonekana zaidi katika nyanda za juu, kama vile Nairobi, Laikipia na Arusha, na katika fukwe za watalii. Uchache huo humgusa mlaji moja kwa moja. Mafundi wa matandiko ni adimu, vifaa vingi huagizwa kutoka nje au hununuliwa vikiwa vimekwisha tumika, na ni rahisi tandiko lililokatwa kwa kipimo cha farasi mmoja kuishia mgongoni mwa wengine watatu.

Lijamu

Lijamu ni chuma kinachopita kinywani mwa farasi, na hatamu hufungwa katika ncha zake mbili. Hukaa mahali pasipo na meno, kati ya meno ya mbele na magego, juu ya ulimi na juu ya mfupa wa taya, ambao hapo una ukingo mwembamba uliofunikwa na ngozi nyepesi. Anayetaka kuelewa na abonyeze kijiti juu ya ugoko wake mwenyewe, maana hali ya ngozi juu ya mfupa inakaribiana. Kila mvuto wa hatamu, wa makusudi au wa bahati mbaya, hufika hapo. Na mwanafunzi ambaye hajajua kukaa vizuri huvuta hatamu mara nyingi kwa bahati mbaya, kwa sababu huzishikilia ili asianguke.

Lijamu imfaayo mwanafunzi ni nyofu na laini, yenye kiungo kimoja au viwili katikati, isiyo na mikono pembeni wala mnyororo chini ya kidevu. Unene wake uwe wa wastani. Chuma chembamba hukata, na chuma kinene mno nacho hakifai, kwa kuwa kinywa cha farasi hakina nafasi kubwa ndani kama tudhaniavyo tukimtazama kwa nje. Lijamu ya nyaya zilizosokotwa, au yenye matuta au meno kama ya msumeno, haina mahali katika kituo cha wanaoanza.

Lijamu yenye mikono yataka maelezo zaidi, kwa sababu wengi hawaijui hesabu yake. Mikono hiyo ni nyenzo. Ikiwa sehemu iliyo juu ya kinywa ina sentimita 4 na ile ya chini inayofungwa hatamu ina sentimita 12, mnyororo wa kidevuni waweza kubana kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya ile iliyo mkononi mwa mpandaji. Wapandaji waliobobea huitumia kwa mguso mwepesi wa kidole. Kumpa mtu aliyepanda farasi kwa mara ya kwanza ni sawa na kumkabidhi mtoto wembe kwa hoja kwamba kinyozi hutumia wembe.

Ukiuliza, utaambiwa pengine kwamba farasi huyu ana kinywa kigumu, ndiyo maana akafungwa chuma kikali. Jibu hilo lipokelewe kwa tahadhari. Farasi huacha kuitika kwa sababu amevutwa kila siku bila kuachiwa, au kwa sababu ana kidonda au jino baya. Kumwongezea ukali wa chuma hakuondoi hata moja kati ya sababu hizo. Kwa upande mwingine, mlaji asidhani kwamba hatamu zisizo na lijamu ni salama daima. Zipo za namna hiyo zenye nyenzo na mnyororo, ambazo hubana pua na kidevu kwa ukali uleule.

Ukanda wa pua

Farasi hapumui kwa mdomo. Pumzi yake yote hupita puani. Ukanda unaozunguka pua yake ukikazwa kupita kiasi humnyima pia nafasi ya kutafuna, kumeza mate na kufungua kinywa ili kuukimbia mvuto wa chuma. Ubaya wake mwingine ni wa kuficha: farasi aliyefungwa mdomo huonekana mtulivu, na mnunuzi husadiki utulivu huo.

Kipimo cha zamani ni vidole viwili vya mtu mzima, vipite kwa urahisi kati ya ukanda na mfupa wa pua. Kipimo kifanywe juu, penye mfupa. Wapo wanaokionyesha pembeni mwa shavu, ambako nyama hubonyea na vidole hupita hata ukanda ukiwa umekazwa sana. Ubishi kuhusu vidole vya nani vitumike ulifika hadi katika Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lenye makao yake Lausanne, Uswisi, ambalo mwaka 2025 lilianza kutumia kipimo maalumu cha kupenyezwa chini ya ukanda katika mashindano yake. Mlaji hahitaji kifaa hicho. Vidole vyake vinatosha, mradi aombe ruhusa na saisi awe amemshika farasi.

Tandiko, mjeledi na vichokoo

Tandiko likae juu ya misuli iliyo pande mbili za uti wa mgongo, lisiuguse uti wenyewe. Liinueni kabla ya kufungwa, mtazame mgongo. Vidonda, uvimbe na ngozi iliyochubuka vyajieleza. Mabaka ya nywele nyeupe begani, kwa farasi mwenye rangi nyingine, mara nyingi ni makovu ya tandiko lililombana siku zilizopita. Uzito nao uhesabiwe. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 400, basi, asibebeshwe zaidi ya kilo 80, na akiwa amekonda, mzee au mgonjwa, hata hizo ni nyingi. Kituo kisichomuuliza mteja uzito wake hakijafanya hesabu hiyo.

Kuhusu mjeledi, kuna imani ya zamani kwamba ngozi ya farasi ni nene kiasi kwamba fimbo haimuumi. Uchunguzi wa wataalamu wa Australia uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu kwa hadubini, na haukukuta kwamba tabaka la juu la farasi ni nene zaidi, wala kwamba lina mishipa michache ya kuhisi maumivu. Mjeledi mwepesi unaomgusa farasi ili kuitia mkazo ishara ya mguu una matumizi yake. Mjeledi unaopigwa kwa hasira, kichwani, au tena na tena baada ya kosa kupita, haumfundishi chochote, kwa kuwa farasi hauunganishi uchungu wa sasa na tendo lililokwisha kupita.

Vichokoo, yaani vyuma vinavyofungwa kwenye kisigino cha kiatu, vyahitaji mguu uliotulia kabisa. Mguu wa anayeanza hautulii. Kituo kinachomvalisha mwanafunzi mpya vichokoo kikataliwe bila majadiliano.

Namna ya kufundisha

Mafunzo mengi ya farasi husimama juu ya kanuni moja: mnyama hupewa shinikizo dogo, na mara anapoitika, shinikizo huondolewa. Somo limo katika kule kuachiwa. Mwalimu asiyeachia kwa wakati humfundisha farasi kwamba kuitika hakuna faida, kisha hulazimika kuongeza nguvu, na mlolongo wa ukatili huanzia hapo, mara nyingi kwa mtu asiye na nia mbaya.

Upo pia ukatili wa makusudi, na haukai vichochoroni tu. Mwaka 2009, video ya mazoezi kabla ya shindano nchini Denmark ilimwonyesha farasi aliyekunjwa shingo hadi kidevu kukaribia kifua, huku ulimi wake uliotoka nje ukiwa wa rangi ya samawati. Februari 2010 FEI ilitamka kwamba kukunja shingo kwa nguvu namna hiyo hakukubaliki. Julai 2024, Charlotte Dujardin wa Uingereza, mshindi wa medali sita za Olimpiki, alijitoa katika michezo ya Paris baada ya kutokea video iliyomwonyesha akimchapa farasi miguuni mara nyingi wakati wa mafunzo. FEI ilimfungia kwa mwaka mmoja na kumtoza faini. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1970 ilitungwa kupambana na wanaowapaka farasi wa maonyesho kemikali za kuunguza miguuni ili wainue miguu juu zaidi. Tunayataja haya ili mlaji asitishwe na vyeti na vikombe vilivyopangwa ukutani. Sifa za mwalimu hazichukui nafasi ya kumtazama akiwa kazini.

Dalili kubwa za kutafuta ni chache. Farasi asifungwe kichwa chini kwa kamba zisizolegea. Asipigwe kwa kuogopa kitu. Asianguushwe wala kufungwa mguu kwa kisingizio cha kumvunja kiburi. Mwanafunzi naye aanze akiongozwa na saisi, au akizungushwa kwa kamba ndefu, akijishika kwenye mkanda wa shingo badala ya hatamu. Aachwe kwenda matiti atakapoweza kukaa bila kuning'inia, na shoti baadaye sana.

Uwanjani

Fika mapema, kabla farasi hajatandikwa, maana mengi huonekana wakati huo. Farasi anayekunja masikio nyuma na kutaka kuuma kila tandiko linapoletwa anasema jambo. Akishapandwa, tazama kinywa kinachoachama, kichwa kinachorushwa juu, mkia unaochapwa bila nzi, macho yaliyokaza, kujikwaa mara kwa mara na kukataa kwenda mbele. Mtaalamu wa tiba ya farasi wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za namna hii. Farasi anayeonyesha nane au zaidi yaelekea ana maumivu ya misuli au mifupa. Dalili moja peke yake haithibitishi neno, kwani hata farasi mzima huchoka na kukasirika, lakini zikirundikana usipande.

Omba saisi ampande kwanza, hata kwa dakika tano. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, washindani wa michezo mitano walipewa farasi wasiowajua na dakika 20 tu za kuzoeana nao. Farasi mmoja aitwaye Saint Boy alikataa kuruka mbele ya dunia nzima, mpandaji wake akilia na kumchapa. Shirikisho la mchezo huo baadaye liliamua kuondoa farasi kabisa baada ya Paris 2024. Mteja wa ufukweni hupewa muda mfupi kuliko huo.

Ukikataa huduma, au ukiona mateso

Uliza kabla ya kulipa kama fedha hurudishwa mteja akikataa farasi kwa sababu ya kidonda au kifaa kisichofaa, na jibu liandikwe kwenye risiti. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 inataka huduma inayouzwa iwe ya ubora unaokubalika. Mateso yenyewe yana sheria zake. Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataja kupiga kikatili, kupanda kupita kiasi na kubebesha kupita kiasi kuwa makosa. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Sheria hizi humhusu punda wa mkokoteni sawasawa na farasi wa mashindano, na kwa kweli wasomaji wengi wa kijitabu hiki watakutana na punda mwenye kidonda cha hatamu kabla ya kukutana na farasi.

Malalamiko yapelekwe kwa afisa mifugo wa kaunti au wilaya, au kituo cha polisi. Eleza tarehe, saa, mahali, rangi na alama za mnyama, na ulichokiona kwa macho yako, ukikitenga na ulichokisikia. Ambatisha risiti na picha ukiwa nazo. Picha ya lijamu au ya kidonda ipigwe ukiwa umesimama ubavuni karibu na bega la farasi, si nyuma yake, na usijaribu kumvua kifaa chochote wewe mwenyewe: farasi mwenye maumivu hawezi kujua kwamba mkono wako umekuja kwa jambo jingine.