Mnanaha, Jirani Mbaya wa Mnavu

Mwaka 2019, huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, karibu watu 300 waliugua ghafla na watano wakafariki dunia baada ya kula uji wa msaada. Vipimo vya maabara vilikuta katika unga wake atropini na skopolamini. Hizo ni sumu za mnanaha, gugu ambalo mbegu zake huvunwa pamoja na nafaka na soya bila mtu kutambua.

Mnanaha (Datura stramonium) asili yake ni bara la Amerika, lakini leo unaota jalalani, kando ya mazizi na katikati ya mahindi. Ni wa familia moja na nyanya, biringanya na mnavu, mboga ipendwayo Afrika Mashariki. Miche ikiwa bado michanga, mchumaji mwenye haraka anaweza kukosea.

Anayeangalia kwa utulivu hakosei. Mnavu huchanua maua madogo meupe yaliyokaa kwa vikundi, kisha huzaa vitunda laini vya mviringo. Ua la mnanaha hukaa peke yake penye panda ya tawi, refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Jani lake lina kingo zenye meno makubwa, na ukilifikicha linanuka vibaya. Tunda lina miiba. Likikauka hupasuka pande nne na kutoa mbegu nyeusi zenye umbo la figo.

Mmea mzima una sumu. Aliyeula hukaukwa na kinywa, mboni hutanuka, moyo huenda mbio, mwili huwa wa moto bila jasho, naye huanza kupayuka na kuona yasiyokuwepo.

Hata hivyo, atropini hiyohiyo ni dawa muhimu hospitalini. Viuatilifu vya organofosfeti hujaza ute mapafuni na kupunguza mapigo ya moyo. Atropini hufanya kinyume chake, ndiyo maana hutumika kuwaokoa wakulima waliodhurika navyo. Tofauti ni kipimo, na hakuna awezaye kukikadiria kwa macho, kwa sababu kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mmea na mmea.

Kwa hiyo, mkulima aung'oe mnanaha kabla haujazaa, na achekeche mahindi na soya kabla ya kusaga. Mtu akiugua, apelekwe hospitali upesi pamoja na kipande cha mmea alioula.