Kisima cha Wakfu na Mazungumzo ya Adhuhuri

Mara moja kila mwezi, baada ya swala ya adhuhuri, wahandisi wachache wa mji wetu hukusanyika katika ukumbi wa madrasa ulio nyuma ya msikiti. Huacha viatu mlangoni kama watu wote, hula chakula chao cha mchana palepale mkekani, kisha mmoja wao husimama akazungumza kwa muda wa dakika 40 juu ya jambo analolijua. Wako wa umeme, wako wa majengo, yuko wa mitambo ya bandarini na yuko wa maji. Walianza kikao hiki kwa ajili yao wenyewe, wapate kukumbushana mambo ya kazi. Baadaye wazee wa mtaa wakaomba nafasi ya kuketi na kusikiliza, na mwaka huu nasi kina mama tukaingia.

Kuingia kwetu hakukuwa kwepesi. Siku ya kwanza tuliwekwa nyuma ya pazia, jambo ambalo hatukuwa na neno nalo, ila ubao wenye michoro ulikuwa upande wa pili. Tukawa tunaambiwa "kama mnavyoona hapa", na sisi hatuoni ila kitambaa. Mwezi uliofuata tulikuta pazia limegeuzwa, likapita katikati ya ukumbi kutoka ubaoni hadi mlangoni, kila upande ukawa na sehemu yake na kila upande ukauona ubao. Aliyetoa rai hiyo ni mhandisi wa majengo. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya uhandisi tuliyoishuhudia pale, na haikugharimu kitu.

Mazungumzo ya mwezi huu yalihusu maji yaliyo chini ya miguu yetu, na hapana aliyeuliza kwa nini. Mtaa wetu una kisima cha wakfu. Alikichimbisha mwanamke mmoja wa zamani kwa mali yake mwenyewe, akakiacha kwa ajili ya wenye kutawadha na wenye kiu, na ufunguo wa mlango wake umebaki katika kizazi chake hadi leo. Anayeushika sasa ni mjukuu wake, bibi mtu mzima ambaye wote humwita Bi Mkubwa. Bomba la mfereji linapokauka, na sote twajua hukauka siku ngapi kwa wiki, kisima hicho ndicho kinachotupikia na kutunywesha. Lakini miaka ya karibuni pametokea jengo la ghorofa ubavuni mwake, na karo la jengo hilo limechimbwa hatua chache tu kutoka ukutani mwa kisima. Tulilalamika wakati ule. Tuliambiwa kila kitu ki sawa. Kisha watoto wakaanza kuugua matumbo kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, na mhandisi wa maji akajitolea kupeleka sampuli ikapimwe.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mhandisi mwenyewe ni kijana, mtoto wa mtaa huu. Alipoingia alimwamkia Bi Mkubwa kwanza, "Shikamoo, bibi yangu," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," kisha ndipo akaenda ubaoni. Wengi wetu tulidhani ataanza na majibu ya kipimo. Hakuanza nayo. Alianza na mchuzi.

Akasema: mnapopika mchuzi wa nazi, mafuta huelea juu. Hayazami kwa sababu ni mepesi. Basi na maji matamu ya mvua, yakishachuja ardhini, huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Visima vyetu vyote vya pwani huteka kutoka katika ile tabaka ya juu. Na tofauti ya uzito ni ndogo, kwa hiyo hesabu yake hushangaza: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyopanda juu ya usawa wa bahari, kwa kukadiria kuna mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Anayeweka pampu kubwa akashusha maji kwa mita 1 tu, amefungua njia ya chumvi kupanda mita 40. Haipandi siku ileile, lakini hupanda. Hapo tukaelewa kwa nini visima vya wazee wetu vilivyotekwa kwa ndoo na kamba vilidumu vitamu, na vya leo vyenye pampu vinageuka chumvi katika uhai wa mtu mmoja. Lamu, alisema, hunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na ndiyo sababu ya watu wa huko kupigania machuguu yale yasijengwe.

Kisha akaja kwenye mwamba. Mji wetu umekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile tunalojengea kuta. Lina matundu na nyufa. Udongo mzuri huchuja maji machafu taratibu, na vijidudu vingi hufa njiani. Jiwe la matumbawe halichuji hivyo. Maji huingia ufa huu yakatokea ule, kama mtu anayepita vichochoroni. Kanuni inayotajwa sana ni kuwa choo cha shimo au karo lisilosakafiwa chini liwe mbali na kisima kwa mita 30 angaa. Katika mwamba wetu hata mita 30 si dhamana. Na kisima kinachotekwa kwa nguvu huyavuta maji ya pande zote kuja kwake, na ya karo yakiwamo.

Ndipo akasoma majibu. Maji ya kisima cha wakfu yana vijidudu vya kinyesi, na naitreti imezidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 50 kwa lita.

Ukumbi ulinyamaza. Kutoka upande wetu mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga mapajani akauliza, sauti yake ikitetemeka: "Lakini mimi nayachemsha, kaka yangu. Nayachemsha hadi yatokote, ndipo namtengenezea mtoto maziwa. Si yanakuwa salama?"

Hatutasahau jinsi kijana yule alivyolijibu swali hilo. Hakumkemea wala hakukimbilia kumtuliza. Akamwambia: "Umefanya vizuri kuchemsha, dada, kwa sababu vijidudu hufa. Lakini naitreti si kijidudu. Ni kama chumvi ya mchuzi. Mchuzi ukikauka motoni, chumvi hupungua?" Kina mama wote tukajibu kwa pamoja kwamba huzidi. "Basi na hiyo ni hivyo hivyo. Mvuke huondoka, yenyewe hubaki, na maji yakipungua sufuriani yenyewe huwa kali zaidi." Akaeleza kuwa mtu mzima huivumilia zaidi, lakini kwa mtoto mchanga, hasa chini ya miezi 6, naitreti nyingi huiharibia damu kazi yake ya kubeba hewa, na mtoto akaweza kugeuka rangi ya buluu midomoni na kwenye kucha. Mtoto wa namna hiyo hukimbizwa hospitali saa ileile. Anayenyonyeshwa bila kupewa maji yuko katika hifadhi kubwa. Anayehitaji maziwa ya kopo atengenezewe kwa maji yatokayo kwingine yanayojulikana kuwa safi. Yule mama alikuwa analia kimyakimya, na mwenzake wa kando akamshika mkono. Mtoto wake, alhamdulillahi, yu mzima.

Tuliona tuandike sehemu hii kwa kirefu kwa sababu tunajua ni nyumba ngapi zinazotegemea sufuria ya kuchemshia na kuona mambo yameisha. Dawa ya klorini nayo ni kama moto: huua vijidudu ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na maji yakaachwa nusu saa, wala haiondoi chumvi wala naitreti.

Mzee mmoja akauliza kama maji yale yafaa kutawadhia. Mhandisi akacheka kidogo, akasema hilo ni la sheikh, na lake yeye ni tumbo la mtoto. Sheikh alikuwapo, akasema atalitazama na kutoa jibu baada ya swala ya Ijumaa.

Bi Mkubwa hakusema neno muda wote huo. Aliposema, hakuwa akimwambia mhandisi, alikuwa kama anajisemea. Alisema nyanya yake alikiacha kisima kile ili thawabu zimfikie kaburini, na kwamba yeye amekishika ufunguo miaka yote kwa hofu ya kuulizwa juu yake. Sasa akifunga mlango, ni yeye atakayekuwa ameikata njia ya nyanya yake. Na akiuacha wazi, watoto wa watu wataugua kwa mkono wake. "Niambieni nifanye lipi," alisema.

Hapana aliyekuwa na jibu la haraka, na tuliona heri hivyo. Mhandisi wa majengo ndiye aliyevunja kimya. Akauliza mapaa ya msikiti na madrasa yana ukubwa gani kwa pamoja, wakapima kwa hatua, ikapatikana kama mita za mraba 200. Akaandika ubaoni: mvua ya milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Mvua moja nzuri ya masika, ya milimita 30, ni lita 6,000. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, zabaki lita 4,800. Hiyo ni mvua moja. Watu wa visiwa vya Lamu wamekunywa maji ya mvua ya jabia kwa vizazi, wakisakafu uwanja kwa chokaa na kuchimba hodhi chini yake. Sisi tuna paa tayari. Tunalokosa ni mifereji ya bati, tangi lenye kifuniko, wavu wa kuzuia mbu, na mtu wa kuyamwaga maji ya mwanzo yanayoosha kinyesi cha ndege na vumbi.

Kwa hiyo yameafikiwa haya, kwa idhini ya sheikh na wa ukoo wa mweka wakfu. Kisima kibaki wazi kwa kufulia na kuoshea, na mlangoni paandikwe wazi kuwa maji yake si ya kunywa wala ya kupikia. Tangi lijengwe ubavuni mwa msikiti kabla ya masika, liunganishwe na wakfu uleule, na ufunguo wake awe nao Bi Mkubwa. Wahandisi watafanya kazi bila malipo. Vifaa vinahitaji mchango, na fundi wa bati amekwisha kutoa mifereji ya upande mmoja wa paa. Ama lile karo, barua imeandikwa kwa mwenye jengo na kwa wanaohusika na afya ya mji, imetiwa saini na watu wa nyumba zote zinazokizunguka kisima. Tutawaarifu wasomaji jibu likija, na lisipokuja tutawaarifu pia.

Bi Mkubwa aliposikia habari ya ufunguo aliuliza swali moja tu: tangi litakuwa na kufuli ya aina gani, kwani zile za siku hizi hupata kutu upesi kwa hewa ya bahari. Mhandisi wa bandarini akamwahidi kufuli ya shaba.

Mwezi ujao atazungumza mhandisi wa umeme, juu ya nyaya za majumba yetu ya zamani na jinsi soketi moja inavyobebeshwa friji, pasi na birika la umeme kwa wakati mmoja. Ameomba kila mwenye plagi iliyoungua nyumbani asiitupe, aje nayo. Kikao huanza mara baada ya swala, pazia liko katikati, na mwenye chakula cha ziada akaribishwa kuja nacho, kwani mwezi huu wali ulitufikia sisi upande wa kushoto ukiwa ukoko mtupu.