Kizungukacho Huvutwa Ndani, Hakisukumwi Nje

Watu wengi, na miongoni mwao wamo waliosoma, hudhani kwamba kitu kikizungushwa huwa kuna nguvu inayokisukuma kwenda nje. Mwenye dhana hiyo na alitazame kombeo, ile silaha ya kale ya kuwingia ndege na nyani mashambani. Jiwe linapozunguka, kazi ya kamba ni moja tu, nayo ni kulivuta jiwe lije ndani, kwenye mkono. Jiwe lenyewe halitaki duara. Lataka kwenda moja kwa moja, na kila nukta kamba hulikatalia na kulipinda.

Ushahidi ni pale kamba inapoachiliwa. Lau jiwe lingekuwa likisukumwa nje, lingeruka kwa kufuata mstari wa kamba. Halifanyi hivyo. Hutoka kwa ubavu, likashika njia iliyonyooka ya kule lilikokuwa limeelekea wakati ule ule. Ndiyo maana mtupaji stadi huachilia robo ya mzunguko kabla jiwe halijaelekeana na shabaha. Hakufundishwa hesabu, lakini mkono wake waijua.

Hebu sasa tupige hesabu hiyo. Chukua jiwe la gramu 100 kwenye kamba ya mita moja, ulizungushe mara mbili kwa sekunde. Kamba itabeba uzito kama wa kilo moja na nusu hivi. Lizungushe mara nne kwa sekunde, yaani ongeza mwendo maradufu, na uzito hauwi kilo tatu bali hupita sita. Mwendo ukizidi mara mbili, mvuto unaohitajika huzidi mara nne; ukizidi mara tatu, huzidi mara tisa. Na duara likiwa dogo kwa mwendo ule ule, mvuto huzidi pia.

Kanuni hii si ya wawinga ndege peke yao. Imewaua watu wengi barabarani, nao hawakuijua. Basi linapokata kona halina kamba ya kulivuta ndani. Kamba yake ni mshiko wa tairi juu ya lami, basi. Dereva aliyezoea kuipita kona kwa kilomita 40 kwa saa, siku moja akaijia kwa 80 kwa kuwa abiria wanamngoja kituoni, anazitaka tairi zile zile zifanye kazi mara nne. Lami ikiwa imelowa, au upepo umeimwagia mchanga, au tairi zimekwisha meno, mshiko hautoshi, na basi hufanya kama jiwe lililoachiliwa: huiacha kona na kwenda moja kwa moja, hata kama usukani umepindwa hadi mwisho. Mizigo nayo ikirundikwa juu ya paa, basi huweza kupinduka kabla hata tairi hazijateleza. Yule abiria anayelalia dirishani akasema amesukumwa, hakusukumwa na mtu. Ni gari lililogeuka, na mwili wake ulikuwa ukiendelea na safari yake ya mwanzo. Mwenye haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo ni yeye huyo, na amwambie kabla ya kona. Breki ya ghafla ndani ya kona huula ule mshiko kidogo uliobaki.

Tuinue macho. Mwezi tunaoungojea kwa hamu jioni ya Shaabani ishirini na tisa uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, nao hukimbia karibu kilomita moja kila sekunde. Kamba yake ni mvuto wa ardhi. Katika kila sekunde mwezi huanguka kuja kwetu zaidi kidogo ya milimita moja, na kuanguka huko kudogo ndiko kunakoipinda njia yake ikawa duara, au karibu na duara. Huumaliza mzunguko kwa siku 27 na zaidi kidogo. Mbona basi mwezi wetu wa kuandama una siku 29 au 30? Ni kwa sababu ardhi nayo huwa imesogea ikilizunguka jua, na mwezi hulazimika kuongeza kama siku mbili ndipo ulifikie jua tena.

Pwani yetu ina sehemu yake katika habari hii. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini, na kuanzia 1967 hadi 1988 wakarusha vyombo vya angani kutoka hapo. Walipafuata kwa kuwa ni karibu na Ikweta, ambako ardhi huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki hupewa mwendo huo bure, kama jiwe lililokwisha kuzungushwa kombeoni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kilirushwa hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, wakakiita Uhuru. Kiliizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi, bila injini ya kukisukuma, kikivutwa tu na ardhi. Hewa nyembamba ya huko juu ilikipunguzia mwendo kidogo kidogo, na mwaka 1979 kikaanguka.