Tangazo Lililobandikwa Ndani ya Geti

Mwanzoni mwa kazi yangu ya rasilimali watu nilikuwa katika kampuni moja ya usafirishaji jijini Dar es Salaam. Tulihitaji watunza stoo wawili. Meneja akaagiza tangazo libandikwe kwenye ubao, karibu na daftari la mahudhurio, na wafanyakazi waambiwe walete majina. Siku tatu hazikuisha, majina tisa yakawa mezani. Tulifanya usaili, tukachukua wawili, na wote wawili walikuwa na vyeti vilivyotakiwa. Hakuna aliyetoa rushwa, hakuna aliyedanganya. Lakini nilipokuja kupitia mafaili, niliona saba kati ya wale tisa wametoka wilaya moja, na mwanamke hakuwemo hata mmoja. Ubao wetu ulikuwa ndani ya geti. Waliokuwa nje hawakukataliwa. Hawakujua kabisa kwamba kuna nafasi.

Tangu siku hiyo, swali ninaloulizwa na waajiri na vijana wanaotafuta kazi nalichukulia kwa uzito: je, kuajiri kwa mapendekezo ya wafanyakazi kunamtendea haki mtu mwenye sifa asiyemjua yeyote ndani? Jibu langu ni kwamba pendekezo ni halali likiishia kuleta jina mezani. Dhuluma inaanza pale pendekezo linapochukua nafasi ya kipimo.

Pendekezo na kimemo

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mtaani yanawekwa kapu moja. Kimemo kinatoka juu, kwa mtu mwenye cheo. Hakisemi mwombaji anajua nini. Kinasema ni wa nani. Anayekipokea anajua kwamba hakuulizwa maoni yake. Hiyo ndiyo undugunaizesheni, na haina utetezi.

Pendekezo linatoka kwa mfanyakazi wa kawaida anayesema, "Kuna mtu nimefanya naye kazi, anaifahamu hii kazi." Anayelitoa anaweka jina lake rehani, maana mtu huyo akiharibu, aibu inamrudia yeye. Hapo kuna taarifa ambayo cheti hakiwezi kuitoa: kama mtu anawahi kazini, kama anakubali kosa, kama anaaminika na funguo za stoo.

Kwa nini waajiri wanapenda mapendekezo

Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Mwajiri mdogo mwenye afisa mmoja wa rasilimali watu hana uwanja, na hana siku za kusoma barua zote hizo. Mfanyakazi wake akimwambia "ninamjua mmoja", anaona amepunguziwa mzigo.

Utafiti nao unampa hoja. Mwaka 2015, mwanauchumi Stephen Burks na wenzake walichapisha uchambuzi wa kampuni kubwa tisa za vituo vya kupokea simu, malori ya mizigo na teknolojia. Waligundua kwamba waliopendekezwa hawaachi kazi haraka kama wengine, na kwenye malori walipata ajali chache zaidi. Kampuni ilipata faida kubwa zaidi kwa kila mfanyakazi wa aina hiyo, kwa sehemu kubwa kwa sababu haikulazimika kuajiri upya kila mara.

Lakini utafiti huohuo una upande wa pili ambao waajiri wengi hawaufikii. Katika vipimo vingi vya utendaji, waliopendekezwa na wasiopendekezwa walikuwa karibu sawa. Hata sifa zao walipoomba kazi zilifanana, ila waliopendekezwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchukuliwa. Na faida ilitokana hasa na mapendekezo ya wafanyakazi hodari. Kwa hiyo pendekezo linapata thamani kutokana na nani amelitoa na amemwona mwenzake akifanya nini. Kulichukua kila pendekezo kama ushahidi wa ubora ni kosa la kitaalamu.

Haki inapovujia

Mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter aliwauliza wataalamu, mafundi na mameneja wa mji wa Newton, Massachusetts, walivyopata kazi zao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 alionyesha kwamba zaidi ya nusu walizipata kupitia watu wanaowajua. Wengi wa watu hao hawakuwa marafiki wa karibu. Walikuwa watu wa kuonana nao mara mojamoja: uliyewahi kufanya naye kazi, uliyesoma naye zamani. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali kidogo ndiye anayekuletea habari mpya.

Sasa mfikirie binti aliyemaliza shahada ya takwimu Chuo Kikuu cha Dodoma akarudi kwao Nachingwea. Ana alama nzuri, ila watu anaoonana nao mara mojamoja ni wakulima wa korosho, walimu na wenye maduka. Hakuna hata mmoja anayepita karibu na ubao wa matangazo wa benki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hata kizuri lazima kwanza kifike sokoni.

Kuna pia tatizo la kujizaa. Tuseme karakana ina mafundi 20, na 15 wametoka sehemu moja. Kila mmoja akileta jina la mtu anayemfahamu, mengi yatatoka sehemu ileile. Mwaka unaofuata waliokuja watawaleta wengine. Baada ya miaka mitano karakana imekuwa ya ukoo, na hakuna aliyekaa chini kupanga iwe hivyo.

Kwa wanawake jambo hili limepimwa. Mwanauchumi Lori Beaman na wenzake walifanya jaribio nchini Malawi wakati wa kuajiri wakusanyaji wa takwimu. Wanaume walioruhusiwa kupendekeza yeyote waliwataja wanawake wachache. Walipoelekezwa walete jina la mwanamke, waliwapata wenye sifa. Wanawake wenye uwezo walikuwepo na wanaume wale waliwajua, ila majina yao hayakuwa ya kwanza kuja mdomoni.

Sheria yetu inaliona jambo hili. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, ikiwemo kwa misingi ya kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia na ulemavu. Kinagusa hata utaratibu wa kutafuta na kuchagua wafanyakazi, na kinamlinda pia mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Kupendekeza hakujakatazwa. Lakini mwajiri ambaye mlango wake pekee ni mapendekezo, na mlango huo unaingiza watu wa aina moja tu, asidhani yuko salama kwa kuwa hakukusudia kubagua.

Namna ya kutumia mapendekezo bila kudhulumu

La kwanza ni kutangaza. Tangazo litoke nje ya geti, liwe na muda wa mwisho unaojulikana, na asifanyiwe mtu usaili kabla muda huo haujaisha.

La pili, anayependekeza ajaze fomu fupi. Unamfahamu vipi? Mmefanya kazi pamoja wapi na kwa muda gani? Je, ni ndugu yako? Umemwona akifanya nini? Ukisoma "ni kijana mzuri, ametoka familia nzuri", hujaambiwa lolote kuhusu kazi. Ukisoma "tulifanya naye stoo miezi minane, na kila tulipohesabu mali hesabu yake ilikubaliana na daftari", umepata taarifa ya kweli, na unaweza kuithibitisha kwa mwajiri wake wa zamani.

La tatu, aliyependekeza asikae kwenye jopo la usaili, hata kama ndiye mkuu wa idara. La nne, waombaji wote wafanye jaribio moja la vitendo, na karatasi zisahihishwe kwa namba, si kwa majina. Mtunza stoo apewe hati za kupokea mzigo zenye makosa ayatafute. Dereva apewe gari.

La tano linahusu bonasi. Katika jaribio jingine, la Kolkata nchini India, Beaman na mwenzake Jeremy Magruder waliona kwamba malipo ya anayependekeza yalipotegemea utendaji wa aliyeletwa, watu walipunguza kuleta ndugu wakaleta zaidi watu waliofanya nao kazi. Kwa hiyo kampuni inayotoa bonasi isiilipe siku mtu anaposaini mkataba. Iilipe baada ya kipindi cha majaribio, mgeni akishaonyesha kazi.

La mwisho, hesabu. Kila mwisho wa mwaka afisa aandike: wangapi waliomba kwa tangazo na wangapi kwa pendekezo, na wangapi wa kila upande walichukuliwa. Waliopendekezwa wakishinda kwa wingi usaili wa ana kwa ana huku kwenye jaribio la vitendo wakilingana na wengine, tatizo liko kwenye jopo.

Kwa wewe unayetafuta kazi na huna mtu ndani, usione haya kujenga watu wa mbali. Msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, mhadhiri uliyemfanyia kazi ndogo, mwenzako wa darasa aliyetangulia kuajiriwa: waambie wazi unatafuta nini na unaweza nini. Kumwomba mtu aseme alichokiona kwako ni halali. Kumwomba akuombee upendeleo ni kuidhulumu nafasi ya mwenzako.

Yule binti wa Nachingwea si peke yake anayelindwa na utaratibu huu. Mmoja wa wale watunza stoo wawili wa kampuni yangu ya zamani alikuwa fundi kwelikweli wa kazi yake. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyokaa pale, kila alipopata sifa, mtu alinong'ona kwamba alibebwa. Hakuwa na namna ya kujibu, kwa sababu sisi hatukuwahi kumshindanisha na mtu yeyote wa nje ya geti. Tungemshindanisha, nadhani angeshinda, na leo ningekuwa na karatasi ya kuwaonyesha.