Je, Wajua? Springi Fupi na Njia ya Kirua

Je, wajua kwamba shokapu haibebi gari? Uzito wa Altezza, Mark X au Impreza unayoiona ikipanda Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, umekaa juu ya springi nne. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya tairi kugonga shimo. Kwa hiyo gari likilala upande mmoja, anza kuangalia springi kabla hujatoa hela ya shokapu.

Je, wajua kwamba kanuni inayotawala springi hizo ilitangazwa mwaka 1678? Mwingereza Robert Hooke alisema springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo: mzigo ukiwa maradufu, mbonyeo nao maradufu. Miaka miwili kabla aliichapisha kama fumbo la herufi zilizochanganywa, ili wenzake wasimuwahi. Wivu wa mafundi ni wa zamani.

Je, wajua kwamba milimita moja ya waya inaweza kukubadilishia gari zima? Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 12 ukiwa wa 13, vipimo vingine vyote vikibaki vilevile, ugumu unaongezeka kwa asilimia 38 hivi. Jicho haliioni tofauti hiyo dukani. Muulize muuzaji namba ya springi na gari iliyotengenezewa. Akijibu kwamba zote ni sawa tu, rudi nyumbani.

Je, wajua kwamba springi iliyokatwa haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia? Chukua springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, kata mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Hapo wapenda grainda hushangilia: gari limeshuka na limekaza! Lakini ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kitako chake, na tairi linaponing'inia springi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Njia za kuingia vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani ya Wachagga, zina mifereji na mizizi, na kule tairi moja kuning'inia ni jambo la kila siku. Kuna wanaoshusha kwa moto wa gesi, na hao ni wabaya zaidi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikichoma hovyo unaondoa ule ugumu, na springi inaendelea kulala yenyewe mpaka siku itakapokatika.

Je, wajua kwamba huenda gari lako lilishashushwa kabla hata halijapanda meli? Magari mengi yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam yalitumika Japani, na vijana wa huko wanapenda gari la chini kama wa kwetu. Ukaguzi wa Japani hudai uvungu usipungue sentimita 9, na springi isilegee gari linapoinuliwa kwa jeki. Hiyo 9 inatosha kwa lami ya Yokohama. Chungulia nyuma ya tairi uone rangi: springi za kiwandani kwa kawaida huwa nyeusi, kijani ni alama ya Tein, buluu mara nyingi ni H&R ya Ujerumani, na waridi chini ya Subaru ni ya STI. Nyeusi pia inaweza kuwa Eibach, kwa hiyo soma maandishi. (Eibach iko Finnentrop na H&R iko Lennestadt, miji miwili jirani huko Ujerumani. Mahasimu wanaweza kusalimiana sokoni.)

Je, wajua kwamba kushusha gari kunapunguza kuegemea kwake kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani? Ikiwa kitovu cha uzito kiko sentimita 50 kutoka chini, ukilishusha kwa milimita 30, uzito unaohamia matairi ya nje kwenye kona unapungua kwa asilimia 6 tu. Ule utulivu unaousikia kwenye kona unatokana zaidi na ugumu wa springi na shokapu nzuri. Mwonekano ni jambo jingine, na simlaumu mtu kupenda gari lake likae vizuri juu ya rimu.

Je, wajua kwamba ukilishusha mno linaweza kuegemea zaidi? Hili huwakuta wenye mguu wa mbele wa mtindo wa MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, kama Impreza. Mkono wa chini ukishainama kuelekea juu upande wa tairi, nukta ambayo bodi huzungukia inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya hivyo viwili unakua, na bodi inapata nguvu ya kulala kwenye kona. Kwenye magari hayo mkono wa chini ndio unaokuambia umefika wapi: ukiwa umelala sawa au umeshuka kidogo kuelekea tairini, uko salama, ukiwa umepanda, umevuka.

Sasa tufike kwenye matuta. Je, wajua kwamba tuta la kitaalamu halimtishi sana mwenye gari la chini? Mwaka 1973 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi juu ya tuta la mviringo lenye upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10. Altezza ina mita 2.67 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Likilivuka tuta la namna hiyo polepole, mgongo wa tuta unaingia uvunguni kwa kama sentimita 5 tu, maana matairi yenyewe nayo yako juu ya tuta. Shida ni tuta fupi lililomwagwa zege na wanakijiji baada ya mtoto kugongwa: sentimita zote 10 zinaingia tumboni, na ukifika huku umekanyaga breki pua imeshainama. Siwezi kuwalaumu wanakijiji. Atakayelia ni mwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Je, wajua pia kwamba mteremko huhesabiwa kwa nyuzi? Gari lenye urefu huo kati ya matairi na tumbo la sentimita 14 huvuka ukingo wa nyuzi 12 bila kugusa. Lishushe kwa milimita 35, zinabaki 9. Mji wa Moshi uko kama mita 800 juu ya bahari, na vihamba vya Kirua vinapanda mpaka kupita mita 1,500. Ukitoka Kawawa kuelekea Nduoni, mlima wenyewe hausumbui. Kinachokwaruza ni pale unapoacha barabara na kuingia kwa watu, getini, ambapo njia inavunjika ghafla juu ya mfereji.

Je, wajua hesabu ya Desemba? Hapa ndipo springi nyingi za Dar es Salaam huaibika. Gari linakuja Uchagani limebeba baba, mama, watoto watatu, mchele, mafuta ya kula na zawadi za bibi. Linarudi na ndizi. Tuseme mzigo ulioongezeka nyuma ni kilo 150, na kila upande wa nyuma una ugumu wa nyutoni 25 kwa milimita. Nyuma inashuka kwa karibu milimita 30. Kama ulikuwa umeshashusha 30 nyingine, umepoteza sentimita 6 kabla hujaliona shimo la kwanza. Taa nazo zinaelekea angani, na lori linalokuja mbele yako usiku linakuwashia full kukuadhibu.

Je, wajua stopa ni nini? Ni kile kiraba kilichovikwa kwenye fimbo ya shokapu ili chuma kisigonge chuma. Gari lenye nafasi ya milimita 80 kabla ya kugusa stopa, likishushwa kwa 35, linabaki na 45. Ili springi mpya ikusukume kwa nguvu ileile kabla ya kufika stopani, ingepaswa kuwa ngumu karibu mara 1.8 ya ile ya zamani. Hakuna mtengenezaji mwenye akili anayeifanya springi ya gari la kila siku iwe ngumu hivyo. Huongeza kidogo, kisha hutegemea stopa laini na fupi. Kwa hiyo kile kishindo unachokiita ugumu wa springi mara nyingi ni stopa zimekwisha, au fundi aliziacha mezani.

Je, wajua kwa nini baadhi ya springi zina mizunguko iliyobanana upande mmoja? Mizunguko hiyo hugusana mzigo unapoongezeka, inayobaki kufanya kazi inapungua, na springi inazidi kukaza. Kwa mtu anayesafiri peke yake siku tano na kubeba ukoo siku ya sita, hiyo ndiyo ya kuulizia.

Je, wajua kwamba mwili wa mtu aliyeketi huchoshwa zaidi na mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde? Gari la kawaida hupanda na kushuka juu ya springi zake mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, la kimichezo hukaribia 2. Kadiri springi inavyokaza, ndivyo mitikisiko ile mibaya inavyopita mpaka kitini. Mpandishe bibi yako kwenye rasta za barabara kuu, atakupa majibu bila mashine.

Je, wajua kwamba Impreza ilijipatia jina Afrika Mashariki ikiwa imenyanyuliwa? Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza zilizoinuliwa kwa ajili ya mawe na tope la Kenya. Kabla yao, mwaka 1993, Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika cc 700. Basi anayeshusha Impreza yake mpaka chini kwa heshima ya mbio hizo ameangalia picha za nchi nyingine.

Mambo matatu ya gereji, haraka. Bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki hubaki zimejisokota na kuchanika mapema. Alaimenti ni lazima, maana kushusha hubadili mwelekeo wa matairi, na tairi linaloliwa upande wa ndani hulioni mpaka waya zitokeze. Na springi iliyobanwa ndani ya mguu wa shokapu ina nguvu ya mamia ya kilo: fundi anayeifungua kwa kamba badala ya kibanio chake, msimamishe.

Ujerumani hawaruhusu kubadili springi kimyakimya. Zinahitaji hati ya kibali au ukaguzi. Kwetu mkaguzi ni wewe. Anayeishi Moshi mjini na kupanda Kirua Jumapili asizidi milimita 20 hadi 25, anunue seti ya springi nne, stopa mpya, na shokapu zinazolingana nazo. Anayelala Kirua na kushuka kazini kila asubuhi abaki na springi za kimo cha kiwandani, hela aitie kwenye bushi, shokapu mpya na matairi mazuri. Kwenye kona atamwacha mwenye springi za kukatwa. Na kabla hujamlipa fundi, pakia watu wanne, jaza buti, kisha chukua futi upime uvungu.