Digoksini ikikosekana mu farmasi

Leo siandiki juu ya mahindi wala mbolea. Mwenye iko na mugonjwa wa moyo ku nyumba anajua hii safari: unatoka Kamalondo, unapita Kenya, unafika Ruashi na ordonansi mu mukono, na kila farmasi inakujibu paka neno moja: rupture. Nazungumzia digoksini. Munganga wetu anaiandika "digoxine", na paketi ya Zambia inasema "digoxin". Ni dawa ileile. Mimi ni mutu wa agronomia, si munganga, lakini hii dawa inatoka mu shamba, njo maana naingia mu mambo yake.

Kweli, mu shamba. Mwaka 1785 munganga Mwingereza William Withering aliandika kitabu juu ya mumea wa Digitalis, na mwaka 1930 digoksini yenyewe ikatolewa mu mayani ya ndugu ya ule mumea, Digitalis lanata. Mpaka leo viwanda vinaipata mu mayani. Wanapanda, wanavuna, wanakausha, wanatenga ile dawa na vitu vingine. Tunajua wenyewe: mavuno hayaharakishwi kwa simu. Tena ni dawa ya zamani, ya bei ya chini, faida yake ni kidogo. Na sisi tuko mwisho wa njia. Reli yetu inaishia Ilebo, haifiki Kinshasa. Vitu vinakuja na ndege, ao na malori kupitia Kasumbalesa.

Sasa mugonjwa afanye nini? Asikate dawa yeye mwenyewe, na asianze kuvunja komprime mu vipande ju zidumu. Mwaka 1993 wanganga walitoa matokeo ya uchunguzi mumoja, RADIANCE. Wagonjwa 178 wenye moyo zaifu walikuwa wanakunywa digoksini. Wamoja waliendelea, wengine wakapewa, bila kujua, komprime yenye haina dawa. Kisha wiki 12, mu wale 85 wenye waliendelea, ni 4 tu hali yao iliharibika mpaka wakatolewa mu uchunguzi. Mu wale 93 wengine, walikuwa 23.

Lakini usishikwe na woga ju ya siku moja. Kama figo inatumika muzuri, mwili unachukua siku moja na nusu mpaka mbili kutoa nusu ya dawa. Iko muda wa kwenda kuona munganga, hakuna muda wa kungoja mwezi. Mimi ningesema: anza kutafuta wakati zinabakia za wiki mbili, si wakati paketi iko tupu. Munganga anaweza kubadilisha, kwa mufano kukupa bisoprololi ao karvediloli, kufuatana na sababu gani ulipewa digoksini. Usichukue ya jirani ju na yeye anaugua moyo. Na hizo mbili pia, ukishazizoea, hazikatwi mara moja.

Ukituma mutu Zambia, angalia namba. Kule wanaandika 250 mikrogramu, huku tunaandika 0,25 mg. Ni sawasawa. Lakini ziko pia za 125 mikrogramu, ni kusema 0,125 mg. Mwenye alizoea 0,125 akimeza komprime moja ya 0,25, amekunywa mara mbili. Na kwa hii dawa mara mbili si muchezo: kwa moyo zaifu wanganga wanatafuta nanogramu 0,5 mpaka 0,9 mu mililita moja ya damu, na kupita 2 ni kuogopa sumu. Kinini ya malaria inaweza kupandisha hicho kipimo, kwa hiyo ukipata malaria sema unakunywa nini. Furosemide inapunguza potasiamu, na hapo sumu inakuja haraka zaidi.

Nikuje ku mimea. Kuna yale maua ya laurier-rose yenye watu wanapanda mu lupango ju ya uzuri. Ndani mule muko oleandrine, inagusa moyo karibu sawa na digoksini. Njo maana mutu anaweza kukuambia "chemsha mayani, ni kitu kimoja". Si kitu kimoja. Nani amepima? Udongo, jua, umri wa yani, vyote vinabadilisha kiasi cha sumu. Mayani mawili ya muti mumoja hayalingani. Watu wamekufa ju ya huo muti.

Dalili za dawa kuzidi: kutapika, kukosa hamu ya chakula, kuona vitu kama vya manjano, moyo kupiga polepole ao ovyo. Dalili za dawa kukosekana: miguu kuvimba, pumzi kukata ukilala, kilo mbili kuongezeka mu siku mbili tatu. Moja ya hizo ikitokea, hata siku ya Mungu, ni lupitalo mara moja, na paketi zote mu mufuko pamoja na ordonansi, hata ile paketi yenye imeshaisha.